Mdogo wangu kaona pointi 100,000, mi nikamuuliza anatumia dola ngapi kwa mwezi

Juzi usiku mdogo wangu wa Dallas, mtoto wa mama mdogo, kanitumia WhatsApp picha ya tangazo la kadi ya benki, kazungushia duara jekundu pale palipoandikwa pointi 100,000, chini yake kaandika "dada, niichukue?" Mi ndo kwanza nimerudi kazini, shifti ya masaa kumi na mbili, viatu sijavua, nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja. Asubuhi nikawaza, hili swali naulizwa kila tukikutana, iwe Eid, iwe arobaini, iwe kitchen party, bora niliandike mahali pamoja kila mtu asome kwa nafasi yake.

Kwanza nilimwambia ukweli, swali lake halijakamilika. Kanionyesha bonasi, hajaniambia kwa mwezi anatumia dola ngapi wala anataka kusafiri kwenda wapi. Hayo mawili ndo yanaamua. Ile namba kubwa imewekwa pale ikuvute.

Kwa mlioko nyumbani, huku Marekani inakwenda hivi: benki inakwambia chukua kadi yetu ya mkopo, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ukitumia kwa mfano dola 4,000 kwenye manunuzi ya kawaida tunakupa pointi 60,000 au 75,000 au zaidi, na zile pointi unaweza kuzigeuza tiketi ya ndege. Benki si wajinga, wanakula kwa mwenye duka kila unapochanja kadi na wanakula zaidi kwako ukichelewa kulipa, ndo maana wanaweza kutoa zawadi kubwa hivyo mwanzoni. Kwa sisi ambao tiketi ya Houston hadi Dar mwezi wa kumi na mbili mi binafsi nimewahi kuilipia zaidi ya dola 2,000 kwa kichwa kimoja, na nyumbani tuko vichwa vinne, hili si jambo dogo. Ndo tofauti ya kumuona mama kila baada ya miaka miwili au kila baada ya miaka mitano.

Haya, tuje kwenye hesabu. Chase Sapphire Preferred, kadi ya benki ya Chase, ada yake dola 95 kwa mwaka, bonasi nimeiona ikiwa 60,000, nimeiona 75,000, na mwaka 2025 kuna kipindi ilipanda mpaka 100,000 kwa sharti la kutumia dola 5,000 ndani ya miezi mitatu. Gawanya, ni kama dola 1,667 kila mwezi. Capital One Venture nayo ada dola 95, maili 75,000 (wao pointi wanaziita maili) kwa dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, hiyo ni kama 1,333 kwa mwezi. Amex Gold, ya American Express, ada yake imepanda 2024 kutoka dola 250 hadi 325, wao wanataka dola 6,000, mtu akisikia 6,000 anakimbia, lakini wanakupa miezi sita, kwa hiyo ni 1,000 kwa mwezi tu! Yaani yule anayeonekana kudai pesa nyingi kuliko wote ndo mwenye mwendo mwepesi kuliko wote. Hili watu hawalioni kwa sababu tangazo linaandika jumla.

Sasa kaa chini na stetimenti zako za miezi mitatu iliyopita, toa kodi ya nyumba maana wenye nyumba wengi huku wakikubali kadi wanakukata ada juu, toa mchezo na michango unayotuma kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa benki kwa benki, toa pesa ya nyumbani, angalia kinachobaki: chakula, mafuta ya gari, simu, umeme, bima ya gari, nguo za watoto, daycare kama wanapokea kadi. Kwa familia yangu kinabaki kama 1,500 hivi. Kwa hiyo 4,000 naifikia bila kubadilisha maisha, 5,000 naifikia kama tu kuna bili kubwa inakuja. Na hapo ndo siri yangu mimi, naaplai kadi mwezi bima ya gari ya miezi sita inapodaiwa. Mwaka ule niliochukua Sapphire nilibadilisha na matairi manne ya gari la mume wangu, vilevile ilikuwa lazima yabadilishwe, kwa hiyo nusu ya sharti iliisha wiki ya pili.

Kadi ya kwanza kabisa kuichukua haikwenda hivyo. Benki sitoitaja. Nilikuwa nahesabu miezi mitatu kuanzia siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua, kumbe saa inaanza kutembea siku ile unapokubaliwa, na mimi kadi ilichelewa siku tisa. Alafu nikaihesabu na ada ya mwaka kama sehemu ya matumizi, kumbe ada haihesabiwi, na kuna kitu nilikirudisha dukani nacho kikatolewa. Nikapungukiwa dola 112. Nilipiga simu nikaomba, dada wa watu alinisikiliza vizuri lakini hakuwa na la kunisaidia, bonasi ikapotea yote, maana hakuna nusu bonasi, unafika au hujafika. Niliumia sana kwa sababu zile pointi nilishazipangia, zilikuwa za kumleta mama. Tangu siku hiyo tarehe naiandika kwenye kalenda ya simu ikiwa na wiki mbili pungufu, na napitiliza sharti kwa dola 200 au zaidi ili hata nikirudisha kitu nibaki salama.

Kuhusu riba, maana dada zangu wa Tanga na Zanzibar hili wananiuliza kwa sauti ya chini. Mi si mwanachuoni, fatwa mtamuuliza shekhe wenu, na najua wapo wanaosema hata kusaini ule mkataba wenye kipengele cha riba hapana, mtu akishika hapo namheshimu. Ninachoweza kusema ni hesabu ya dunia: ukilipa balansi yote ya stetimenti kabla ya tarehe yake hulipi riba hata senti, na sheria ya 2009 inawataka wakutumie stetimenti angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Usipolipa yote ndo balaa. Riba za hizi kadi zinazidi asilimia 20 kwa mwaka, chukulia 24, ukibeba deni la dola 4,000 mwaka mzima riba peke yake inakaribia 960, na bonasi ya 75,000 ukiihesabu kwa senti moja kila pointi ni dola 750. Umelinunua hilo bonasi kwa bei zaidi ya thamani yake. Kwa hiyo kama sasa hivi una deni kwenye kadi yoyote, acha kwanza haya mambo ya pointi, maliza deni, kadi hazikimbii, matangazo yanarudi kila mwaka.

Na kama umeingia Marekani juzi na skoo yako, ile alama ya uaminifu wako wa kukopa, bado changa, Sapphire watakukatalia na lile ombi litakaa kwenye ripoti yako ya mikopo miaka miwili. Anza na kadi nyepesi isiyo na ada, au ile ya kuweka dhamana, tumia kidogo lipa yote, mwaka mmoja hivi utaona milango inafunguka. Mdogo wangu ana miaka mitatu huku na skoo nzuri, yeye yuko tayari.

Sasa sehemu ninayoipenda mwenyewe, ndege. Pointi za Chase, za Amex, za Capital One zinafanana kwenye tangazo lakini kila moja ina mashirika yake ya ndege inayoweza kukuhamishia, na sisi safari yetu ni moja, tunataka kufika Dar, Kilimanjaro, Zanzibar au Nairobi. Kuna watu wamekusanya pointi za mahoteli huku na ndege za ndani ya Marekani, alafu wanakuja kuniuliza watazitumiaje kwenda Moshi.

Mlango ambao kadi zote hizi zinaingia ni Flying Blue, programu ya KLM na Air France. KLM inatua Kilimanjaro na Dar, na Houston ina ndege ya KLM ya moja kwa moja hadi Amsterdam, kwa hiyo kwetu hapa ni kuunganisha mara moja tu. Alafu wana kitu wazazi wengi hawakijui, mtoto wa miaka 2 hadi 11 tiketi yake ya maili inapunguzwa asilimia 25 kwenye ndege zao wenyewe. Kila mwezi pia wanatoa njia kadhaa kwa punguzo, sijabahatika kuikuta ya kwetu wakati wa likizo ya shule, ila nafungua kuangalia kila tarehe mosi.

Wa pili ni Qatar, wanatua Dar, Kilimanjaro na Zanzibar na wanatoka hapa hapa Houston. Capital One na Amex wanahamisha moja kwa moja, ukiwa na Chase unapitia British Airways kwanza maana wote wawili wanatumia pointi zinazoitwa Avios, unaunganisha akaunti alafu unavusha. Turkish nao wanafika Dar, Kilimanjaro na Zanzibar, hao unawapata kwa Capital One lakini kwa Chase huwapati. Mlioko Washington, Chicago, New York au Atlanta mna Ethiopian, na hiyo ukitaka kuikata kwa pointi tumia Aeroplan, programu ya Air Canada, maana wako kundi moja la Star Alliance na Aeroplan hawakubebeshi ile tozo ya mafuta inayofanya tiketi ya "bure" idaiwe mamia ya dola. Aeroplan inapokea kutoka Chase, Amex na Capital One. Emirates zamani ilikuwa kwa Chase pia, waliiondoa Oktoba 2025, kwa hiyo hii orodha hubadilika, na mtu aliyejaza pointi akisubiri Emirates peke yake alibaki anatafuta njia nyingine.

Nasisitiza, USIHAMISHE pointi kabla hujaona kiti. Ukishazitoa benki zikaingia kwenye shirika la ndege hazirudi. Tafuta kwanza kwenye tovuti ya shirika lenyewe, uone tarehe, uone idadi ya viti, uone kodi na tozo za kulipa pesa taslimu, ulizia na mabegi mangapi maana sisi hatuendi nyumbani mikono mitupu, ndo uhamishe.

Narudi kwenye kadi. Amex Gold nimeisifia mwendo wake, na inakupa pointi 4 kwa kila dola kwenye migahawa na supamaketi za Marekani, ya supamaketi mwisho dola 25,000 kwa mwaka. Kwa karatasi ni nzuri mno. Lakini jiulize unanunua wapi. Wengi wetu mchele, mafuta na kuku tunachukua Costco, na Costco madukani kwao wanapokea Visa tu, Amex haipiti. Walmart na Target inapita ila Amex hawazihesabu kama supamaketi, unapata pointi moja. Duka la Msomali pale kona unaponunua nyama ya mbuzi na unga wa sembe, inategemea limesajiliwa kama nini, jirani yangu alipata 4 duka moja na 1 duka la mtaa wa pili. Alafu ile ada ya 325 wanasema inarudi kupitia vikuponi, dola 10 za Uber kila mwezi, 10 za migahawa fulani, 7 za Dunkin', zimekatwakatwa vipande vya mwezi mwezi, usipovitumia vinapotea. Mtu aliye na shifti za usiku na watoto wawili hana nafasi ya kukimbizana na dola saba za kahawa. Na pointi za Amex ukitaka kulipia tu bili ya kadi zinashuka hadi senti 0.6, thamani yake iko kwenye kuhamisha peke yake. Jingine, bonasi ya Amex kwa kadi moja ni mara moja maishani, ukiichukua wakati ofa iko chini ndo imetoka hiyo, kwa hiyo usiwe na haraka nayo.

Venture inashinda kwa wavivu wa kuhesabu, nasema kwa nia njema, maili 2 kwa kila dola popote, Costco, duka la Msomali, fundi gari, kote 2. Na usipopata kiti cha kuhamishia unaweza kukata tiketi yoyote ile hata kwa wakala kisha ukafuta bei yake kwa maili, kila maili senti moja, ilimradi imesoma kama safari. Kwa mtu anayekatiwa tiketi na wakala wa Kitanzania kwa sababu anamwamini, hiyo ni faida kubwa, hakikisha tu wakala anapokea kadi maana wengi wanataka Zelle.

Venture X, kadi ya juu ya Capital One hao hao, watu wanaiogopa kwa sababu ya ada ya dola 395, lakini wanarudisha 300 ukikata safari kupitia tovuti yao, na kuanzia mwaka wa pili wanakupa maili 10,000. Sisi ambao kila mwaka lazima mmoja asafiri, tungekata tiketi hata hivyo. Ilikuwa tamu zaidi zamani ukiingia launji na wageni wako bure, tangu Februari 2026 mgeni analipiwa, kwa hiyo kama ulikuwa unaitaka kwa ajili ya launji na watoto, piga hesabu upya.

Sasa kwa nini mdogo wangu nilimwambia aanze na Sapphire wakati nimeisifia Venture hivyo? Kwa sababu ya sheria ya Chase ambayo watu wanaiita 5/24. Ukifungua kadi tano za benki yoyote ndani ya miezi 24 Chase wanakukatalia, na ile kadi mwenzio aliyokuongeza kwenye akaunti yake nayo inahesabiwa. Kwa hiyo Chase unaanza nao mapema, wengine baadaye. Capital One nao wana lao, wanavuta ripoti zako kwenye ofisi zote tatu zinazotunza ripoti za mikopo kwa mkupuo, kwa hiyo usiombe kwao wiki unayotaka kukopa nyumba.

Mke na mume kila mtu achukue ya kwake, msiongezane kwenye moja. Mimi nilichukua kwanza, nikamaliza sharti, nikamtumia mume wangu linki ya kualika, yeye akapata bonasi yake na mimi nikapata pointi za kumwalika. Miezi saba tukawa na bonasi mbili za kadi ile ile.

Njia ya kufikia sharti bila kununua visivyohitajika, hii nimejifunza kwenye chama chetu hapa. Tulikuwa tunakodi ukumbi wa sherehe, watu wanachanga, mhasibu analipa kwa cheki. Nikasema michango ije kwangu kwanza, mimi nilipe ukumbi na chakula kwa kadi, risiti naiweka kwenye grupu siku hiyo hiyo. Kwanza pesa iingie, ndo kadi ichanje, hata kwa ndugu wa damu, maana mtu akisema "ntakupa Ijumaa" na bili ikafika, riba ni ya kwako. Ile siku moja ilinimalizia dola 1,900.

Usichokifanya ni kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo ili ufikishe sharti. Baadhi ya apu za kutuma pesa zinapokea kadi, lakini benki inaweza kuisoma kama umetoa pesa taslimu, hapo wanakukata ada, riba inaanza siku hiyo hiyo bila zile siku 21, na pointi hupati, wala kwenye bonasi haihesabiwi. Tumia akaunti ya kawaida kwa M-Pesa ya mama.

Ukifika nyumbani kadi utaitumia kidogo, daladala na Kariakoo ni taslimu au lipa namba, lakini hotelini Zanzibar na supamaketi kubwa inapita. Sapphire na Venture hazina ile asilimia 3 ya kutumia nje ya nchi. Mashine ikikuuliza dola au shilingi, chagua shilingi, ukichagua dola wao ndo wanakupangia bei ya kubadilisha. Na tozo za tiketi ya pointi zilipie kwa Sapphire yenyewe, kwa sababu ina bima, ndege ikichelewa zaidi ya masaa 12 au ikabidi ulale njiani inarudisha gharama za chumba na chakula hadi dola 500 kwa kila tiketi. Tulilala njiani safari iliyopita, nikatunza risiti zote mpaka ya maziwa ya mtoto, wakalipa baada ya wiki tano.

Mwaka ukiisha na ada ya pili imekuja na huoni faida, usiifunge haraka. Piga simu uulize kama wanaweza kuishusha iwe ile ya chini isiyo na ada, historia yako inabaki. Za Amex angalia, ukifunga kadi yako ya mwisho yenye pointi na hujazihamisha, zinaondoka nayo.

Mdogo wangu bima yake inadaiwa tarehe 3 mwezi ujao, kaniambia ataaplai tarehe 25 mwezi huu. Sisi huku tumeshapata viti viwili vya Disemba kwa pointi, changu na cha mtoto mmoja, hicho cha mtoto kwa lile punguzo la asilimia 25. Viwili vilivyobaki vya ndege hiyo hiyo bado, natafuta kila alfajiri nikishaswali kabla sijaingia kazini, na mama kila Jumapili anauliza tarehe.